Kiatu cha Kulia Kilichokwenda Ukonga

Nianze kwa kukiri, maana najua nyumbani watasoma: mie ndiye niliyekizika kiatu cha kulia chini ya lundo la mapazia. Sikutumwa na mtu, sikuwa na homa, na shetani mwenyewe nadhani siku hiyo alikuwa na shughuli nyingine. Ilikuwa asubuhi ya Alhamisi, sokoni Tandika, na hewa yote ilijaa harufu ya belo la mitumba lililofunguliwa muda huo huo. Harufu hiyo hadi leo ikinipita puani moyo hunirukaruka. Ni harufu ya dawa ya nondo, ya soli za mpira, na ya kabati la bibi fulani wa Ulaya ambaye simjui, ila mashati ya wajukuu zake nimeyavaa karibu yote. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nimemaliza mtihani wa darasa la saba, na Jumamosi yake kulikuwa na mahafali. Walimu walikuwa wamenichagua kusoma risala ya wahitimu mbele ya mgeni rasmi. Mwalimu wa darasa hakunificha sababu; alisema kelele zangu zimesumbua shule miaka saba, sasa zipewe kazi. Msoma risala husimama mbele peke yake, meza hana, kwa hiyo watu wote humwona kuanzia kichwani hadi kidoleni. Kichwani sikuwa na wasiwasi. Tatizo lilikuwa miguuni, ambako nilikuwa na viatu vya shule vilivyoshonwa mara tatu, na cha kushoto kikitabasamu kila nikikanyaga.

Mama yangu ni mwalimu wa chekechea, mtu wa Songea, mfupi, mwenye sauti ya chini ambayo watoto huitii kuliko filimbi. Baba ni karani kwa wakala wa forodha kule Kurasini. Kila siku anayaona makontena ya nguo yakipita mbele ya dirisha lake, na hatujawahi kupata humo hata soksi. Nyumbani kulikuwa na bahasha ya kaki iliyoandikwa “nguo” kwa mwandiko wa mama, nayo ilikuwa moja kwa watoto watatu: mie, mdogo wangu Fausta, na kitinda mimba wetu Kastori. Basi mama alinunua nguo kama anavyochambua mchele, polepole, akitoa mawe. Kwanza alitupeleka Kariakoo kwenye maduka yenye vioo, si kununua, bali kuyasoma yale masanamu: koti limekatwaje, suruali inaishia wapi, rangi ipi inakaa na ipi. Muuzaji akija kutukaribisha mama alimshukuru kwa adabu kama mtu aliyetoka kutazama maonyesho. Kisha tukarudi zetu Tandika kulitafuta sanamu lile lile kipande kwa kipande. Koti la mahafali alilipata hivyo, la kijivu, likiwa na vifungo viwili badala ya vitatu. Akaving’oa vyote akaweka vya koti lake la zamani. Suruali aliipeleka kwa fundi cherehani ikapunguzwa. Shati lilikuwa la baba. Mwisho wa yote nilikuwa nimekamilika hadi kwenye kifundo cha mguu, na hapo pesa za bahasha nazo zikawa zimeishia kifundoni.

Ndipo asubuhi ile nikaziona. Zilikuwa moka za ngozi, rangi ya damu ya mzee, soli yake ngumu, na kishada kidogo juu. Nasema nimeziona, lakini kwa kweli nilikiona kimoja tu. Wauza viatu vya mitumba huweka mezani mguu mmoja, wa pili wanauficha kwenye kiroba, maana mwizi mwenye akili hana haja na mguu mmoja. Muuzaji alikuwa Shomari, mwanamume mnene mpole ambaye mama alimwita kaka na sisi tukamwita mjomba, na amekuwa akituvisha tangu nikiwa natambaa. Kiatu kile alikuwa amekipandisha juu ya kopo katikati ya meza kama mwenyekiti wa mtaa. Kizuri chajiuza. Nilimvuta mama kwenye mkono. Akakichukua, akakikunja soli, akaingiza mkono ndani kupapasa, akakinusa, akakigonga kisigino mezani. Kisha akakishika kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota panya, akakirudisha juu ya kopo na kusema, “Cha kawaida tu.” Akanituma nikaangalie bei za soksi meza za kule mwisho. Niliporudi alikuwa ameshahamia kwenye rundo la magauni akimtafutia Fausta, na wala hakugeuka.

Moyo wangu ulipasuka kama embe lililodondoka kwenye lami. Nikajisemea kwamba mama yangu, kwa upendo wangu wote kwake, hana macho. Lakini niliijua desturi moja ya soko: jioni, wauzaji wakianza kufunga, bei hushuka. Nikapanga nimrudishe mama jioni, nimlilie kidogo, nifanye nidhamu ya ghafla, atalainika. Shida ilikuwa saa zile za katikati. Kulikuwa na kijana mmoja ameshakizunguka kiatu kile mara mbili. Meza jirani aliuza Mama Hidaya, mwanamke mrefu wa mapazia na mashuka, na wakati huo alikuwa akibishana na mteja. Shomari naye alikuwa ameinama kwenye kiroba. Nikakichukua kiatu, nikakitumbukiza ndani kabisa ya lundo la mapazia, na nikaondoka nikipiga mluzi. Hesabu yangu ilikuwa safi: bila cha kulia hakuna atakayenunua cha kushoto. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Wangenijua mie wangeongeza kwamba mficha kiatu hutembea pekupeku.

Saa kumi na moja jioni tulirudi, na la ajabu ni kwamba sikuhitaji kulia. Mama mwenyewe ndiye aliyesema twende. Akafika kwa Shomari, akatoa pesa iliyokunjwa kwenye ncha ya kanga, akaiweka mezani. Shomari akachomoa kirobani moka ya kushoto. Ilikuwa imefungwa kitambaa cha maua ya njano, na kitambaa kile nilikijua. Kilikuwa masalio ya gauni la Fausta. Hapo ndipo nilipopata baridi ya ghafla katika joto la Dar es Salaam. Mama alikuwa amekwisha tanguliza malipo ya zile moka asubuhi, wakati nikihesabu soksi, na akazitia alama yake. Kile cha kulia Shomari alikuwa amemwomba akiache juu ya kopo hadi jioni kimwitie wateja. Kwa ufupi, nilikuwa nimeiba kiatu changu mwenyewe.

Shomari akanyoosha mkono juu ya kopo, kopo likawa tupu. Akatazama chini ya meza, akakung’uta viroba vyote, akapekua kila kiatu. Jasho likamtoka. Mwishowe akakaa juu ya kiroba, akaanza kuzitoa zile pesa za asubuhi, na sauti yake ilikuwa ndogo. “Mama Beda, miaka yote hii sijakupotezea hata kifungo. Umeniamini, nimekuangusha. Chukua haki yako.” Mama alikataa kuzipokea. Nikamtazama yule mtu mnene amejikunyata hivyo kwa kosa langu, na mdomo wangu, ambao hujisemea mambo bila ruhusa kila siku, siku hiyo ulitaka kusukumwa kama gari bovu. Nikausukuma. Nikasema kiatu kiko ndani ya mapazia.

Sote tukageukia meza ya jirani. Ilikuwa mbao tupu. Mama Hidaya huuza Tandika siku mbili tu kwa wiki. Siku nyingine huuza kwao Ukonga, na tangu adhuhuri alikuwa amefunga mzigo wake wote na kuondoka. Shomari akampigia simu. Sauti yake ilitoka kwenye simu bila kuhitaji kipaza sauti: kiatu anacho, ameshakiona alipofungua mzigo, na kiatu hatakitoa kwa mtu mwingine. “Huyo mwizi aje mwenyewe, kesho, na mama yake.” Shomari akakata simu, akanitazama, na badala ya kunikaripia akaanza kucheka taratibu hadi tumbo likamtikisika. “Wewe Beda ni mtoto wa mjini gani? Mama yako akikisifu kitu, najua hakitaki. Akisema ‘cha kawaida tu,’ mie nakifungia mfukoni kabisa.” Nikamtazama mama. Alikuwa akikunja kanga yake kama ambaye hakusikia. Baadaye nilimuuliza kwa nini hakuniambia mapema, akanijibu kwamba kuniambia mie ni kuitangazia Temeke nzima, na kitu unachokipenda hakionyeshwi mbele ya muuzaji.

Adhabu yangu aliitunga usiku huo, na ilikuwa ya kimya kimya kama yeye mwenyewe. Ijumaa nilikwenda Ukonga, mama nyuma yangu, nimeshika ile moka ya kushoto mkononi, bila mfuko, kuanzia mlangoni kwetu. Kila niliyempita alikuwa na la kusema. Bibi muuza vitumbua aliniuliza kama mwenzake amefariki. Pale Ukonga, vijana wa bodaboda walipoona nakuja na kiatu kimoja, wakakumbuka kwamba kwao kuna gereza, na mmoja akaniuliza kwa sauti ya huruma, “Dogo, unampelekea mfungwa kimoja tu, ili asikimbie?” Wenzake wakaanguka juu ya pikipiki zao. Nami, naapa, ningecheka sana kama ningekuwa upande wao.

Mama Hidaya tulimkuta kaketi kando ya lundo lake, na moka ya kulia iko mapajani mwake. Tukamwamkia shikamoo, mie na mama pia, maana ni mkubwa kwake. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliniuliza tu kama najua ingekuwaje lau mtu angekiona kiatu kile ndani ya mzigo wake kabla yake. “Ningeitwa mwizi wa jirani yangu. Meza yangu pale Tandika ingekwisha, na kwangu ndiyo chakula. Wewe ulifikiria kiatu, mwanangu. Mimi hukuniona.” Nikaomba radhi, na nadhani ilikuwa radhi yangu ya kwanza isiyo na kichekesho ndani yake. Akatikisa kichwa, akaonyesha lundo la mapazia na mashuka, akasema maneno tu hayamtoshi, aliyetaka kumponza sasa amuuzie. Lundo likiisha, kiatu changu.

Basi nikapanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, moka ya kushoto bado mkononi, nikaanza kunadi. Mwanzoni nilinadi kama mtu anayesali. Kisha nikawaona wale vijana wa bodaboda wakisogea kunicheka, nikaona bora wachekee ninachotaka mie. Nikawaambia mapazia haya ni ya heshima, majirani wakigombana ndani tutasikia lakini hatutaona. Nikanadi shuka la kamera, yaani lile la daraja la kwanza kabisa, nikaapa kwamba Ulaya lililaliwa na mtu mmoja tu, tena mwembamba, tena msafiri. Kina mama wakaanza kusimama. Mmoja alisema mtoto huyu ana wazimu, akanunua mapazia mawili. Jua lilipoanza kulegea lundo lilikuwa limebaki vitambaa vya kufutia vumbi. Muda wote mama alikaa kwenye kigoda nyuma yangu. Niligeuka mara moja nikamkuta amejifunika mdomo kwa kanga na mabega yakimtetemeka. Alipoona namtazama, akakohoa. Mama Hidaya akanivalisha kiatu kile mguuni kwa mkono wake, akaniuliza nitakuja lini tena.

Sasa niko kidato cha tatu. Zile moka hazinitoshi tena. Anazivaa Kastori, zimebadilishwa soli mara moja na bado zinang’aa kuliko vingi vinavyotoka kwenye maboksi. Wenzangu shuleni huagiza viatu kwenye simu kutoka kwenye picha, vinafika vimebana au havifiki kabisa, nao wananiuliza mie nanunua duka gani. Nawajibu Ukonga, wanadhani natania. Bahasha ya kaki sasa nashika mie nikienda sokoni na Fausta, na nimeshajua kukunja uso mbele ya kitu kizuri, ingawa Shomari anasema macho yangu bado yanaropoka. Zamani niliona aibu kwamba kwetu nguo zilitafutwa. Siku hizi namhurumia kidogo mtu ambaye nguo zake zote zilipatikana tu.

Ila siku ya mahafali yenyewe sijaimaliza. Nilisimama chini ya turubai na koti langu la kijivu, vifungo vya mama kifuani, moka za damu ya mzee miguuni, nikasoma risala hadi mgeni rasmi akavua miwani kufuta machozi ya kucheka, pale palipotakiwa na hata pale pasipotakiwa. Nilipomaliza nikaenda walikokaa wazazi. Mama mmoja aliyevaa kitenge cha gharama alikuwa amemwinamia mama yangu, akimwambia mwanao kapendeza, mwanao anaongea, huyu mtoto umempata wapi. Mama akanitazama kuanzia kichwani hadi kwenye vishada vya moka. Akanigeuza mara moja. Akanishika ukosi wa koti kwa vidole viwili, akaunyoosha, akauachia, kisha akamjibu yule mama:

“Huyu? Wa kawaida tu.”