Kiti cha Baba Baada ya Mapumziko

Katikati ya miaka ya themanini nilikuwa nikifundisha klarineti katika chumba cha kupanga karibu na maduka ya Adams Arcade. Wanafunzi wangu wengi walikuwa watoto wa Kihindi, wakija na mama zao baada ya shule. Jioni nilikwenda mjini kufanya mazoezi na okestra. Humo nilikaa nyuma na wapulizaji wengine. Kusimama mbele na kupiga peke yako, okestra nzima ikikufuata, ilikuwa kazi ya wageni kutoka ng'ambo. Kisha mgeni mmoja akaugua, nikapewa nafasi yake.

Nilimwalika baba. Aliishi Mutuini na ng'ombe wake, mjane tangu nikiwa msichana wa shule, na hakuwa amewahi kunisikia nikipiga ukumbini. Alikuja amevaa koti la kanisani. Nilimkalisha karibu na jukwaa, nikakimbilia nyuma kujiandaa. Haikunijia akilini kumwambia kwamba zamu yangu ni baada ya mapumziko.

Nilipotokea jukwaani, kiti chake kilikuwa kitupu. Nilidhani amekwenda msalani. Nikapiga. Kuna sehemu ya polepole ambapo klarineti huanza kwa sauti ya chini sana, kama mtu anayejisemea, na hapo nikatazama tena. Hakuwa amerudi. Mwishoni watu walisimama kupiga makofi, lakini makofi yale siyakumbuki vizuri.

Jumapili nilikwenda Mutuini. Baba alikuwa amepika chai mwenyewe na kuchemsha nduma.

"Mama," alisema, maana nimepewa jina la mamake na ndivyo alivyoniita, "usiyaweke moyoni. Watakupanga siku ingine."

"Kunipanga wapi, Baba?"

"Si walikuacha nje? Niliangalia mpaka taa zikawashwa, watu wakainuka. Nikaona nikikungoja mlangoni nitakuaibisha. Nikashika gari nikarudi."

"Yalikuwa mapumziko tu. Nilipiga baadaye."

Aliweka kikombe chini. Akauliza, "Ulipiga sana?"

"Karibu nusu saa."

"Na watu walinyamaza wakasikiliza?"

"Walinyamaza."

Klarineti ilikuwa kwenye mkoba, miguuni pangu. Nikamwambia naweza kumpigia sasa hivi, pale pale.

"Hapa na ng'ombe? Hapana. Nitakuja tena nikae kwa kiti, kama wengine."

Sikumsukuma. Tukazungumza habari za nyasi na mvua mpaka nikaondoka. Laiti ningaliitoa tu klarineti nikaanza. Namjua, asingenizuia. Angeinamisha kichwa akasikiliza.

Nafasi nyingine ilikawia. Wageni waliendelea kuja, mimi nikaendelea kukaa nyuma, na wanafunzi wangu wakamaliza shule wakaenda zao. Nilipoitwa tena ilikuwa miaka ya tisini, na masikio ya baba yalikuwa yamekufa, la kushoto kwanza, kisha la pili. Alikuja hata hivyo. Nilimkalisha kando ya mwanafunzi wangu mmoja mpya, msichana wa Kisikh, nikamwomba asimruhusu kuinuka kabla ya mwisho.

Jioni ile nilipuliza kwa nguvu kupita kiasi. Hata mahali pa kunong'ona nilipuliza kwa nguvu, nikitaka kitu kimfikie. Nyuma yangu niliwasikia wenzangu wakihangaika kunifuata. Makofi yalikuwa ya adabu tu. Baba aliwatazama majirani zake, akapiga makofi walipopiga, akaacha walipoacha.

Tulirudi kwa Ngong Road, mimi nikiendesha. Alizungumza kwa sauti kubwa, kama wafanyavyo watu wasiosikia.

"Yule mzee wa fimbo, mbele yenu. Mlimkosea nini?"

Nikamjibu kwa kelele kwamba hakuwa na hasira, anatuongoza tu.

"Na wewe, ulipiga vizuri?"

"Nilipiga vizuri, Baba."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akageukia dirisha kutazama maduka yakifungwa.