Ndani ya Kifaru

Juzi, kwenye maonyesho, mwanangu alikwea kifaru cha jeshi, nami nikamshusha mbio kabla sijajua ninaogopa nini.

Nilikuwa mdogo mama aliponipeleka makumbusho ya vita pamoja na babu, askari mstaafu wa Kilosa. Waliniahidi kifaru, na mimi mtoto wa Mikumi nikatarajia mnyama mwenye pembe. Nikakuta chuma. Babu alikataa kukikaribia. Mimi nikapanda, nikaingia kumtafuta mnyama ndani. Mfuniko ukajifunga.

Kulikuwa na giza, joto na harufu ya kutu. Nilipiga kuta mpaka viganja vikauma, na kilio changu kikawa kinanirudia mwenyewe. Kisha nikasikia mtu akipanda kwa kishindo.

“Nipo, mjukuu wangu. Nipo!”

Babu alinitoa, akanikumbatia kwa nguvu, asiniachie. Nikadhani amekasirika.

“Shikamoo, babu,” nilisema kwa woga.

“Wenzako wametoka?” aliniuliza.

Ukubwani mama alinieleza kwamba vitani babu alitoka peke yake katika kifaru kilichokuwa kikiungua. Siku ile sikujua ni wenzangu gani. Ila niliona analia, nikamjibu, “Wametoka wote, babu.”

Ndipo akaniachia.