Kalamu ya Zambarau

Mama yangu hakuniagiza simu wala kamera. Wenzangu wa kiwanda cha gesi cha Sur, huko Oman, tuliopelekwa Japani kwa mafunzo mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, walikuwa na maagizo ya kujaza kontena. Yeye alinipigia kutoka kwetu Ibra, akasema, "N'letee kalamu ya kuchorea kitambaa. Ile ukiosha inatoka yote, isibaki hata alama. Nasikia kwa Wajapani ipo."

Mama alikuwa mchoraji wa kofia. Kofia yetu ya mkono, hii ambayo Oman wanaiita kumma, haianzi na sindano. Kwanza nakshi huchorwa kwenye bafta nyeupe, halafu mshonaji anaifuata mistari. Tangu nimepata akili mama alikuwa akichora kwa penseli, na tangu nimepata akili alikuwa akigombana nayo, maana unga wake unachafua uzi mweupe na kofia hufuliwa mpaka ikachoka kabla haijamwona mvaaji.

Safari hii alikuwa na haraka yake. Macho yalikuwa yanamwacha. Ilikuwa presha ya macho, na daktari wa Nizwa alishamwambia kwamba kilichopotea hakirudi. Alitaka achore nakshi ya kofia ya baba yake kabla mwanga haujamwishia. Kofia yenyewe ilibaki Unguja wazee wetu walipoondoka mbio mbio wakati wa Mapinduzi, na nakshi ile ilikuwa kichwani mwake tu, hajapata kuichorea mtu. Mimi nilikuwa nimeposa. Ningeivaa siku ya harusi yangu, na baada yangu wengine wangeiiga.

Duka la vifaa vya kuandikia, nilivyolijua mimi, ni kile chumba cha Ibra chenye madaftari ya shule, mashine ya fotokopi na rula zilizopauka kwa jua la dirishani. Hili la Japani lilikuwa jengo zima. Ghorofa moja karatasi tupu, nyingine bahasha na kadi, nyingine kalamu peke yake, rafu baada ya rafu, na watu wanapita kimya kama wako maktaba. Nilisimama mbele ya ukuta mzima wa vifutio nikajiuliza watu hawa wanakosea mara ngapi kwa siku.

Kila rafu ya kalamu ilikuwa na kijikaratasi cha kujaribia. Wenyewe walikuwa wamechora mizunguko, maua, paka. Mkono wangu, kwa mazoea ya chuo cha Kurani, ukaandika Bismillahi. Nikashtuka. Karatasi hii jioni si itatupwa jaani? Nikaichana, nikaikunja, nikaitia mfukoni, mzee mmoja ananitazama kama mwizi. Rafu ya pili mkono ukaandika tena. Nilitoka duka lile mifuko imevimba vijikaratasi, na mpaka leo sijui walinionaje.

Kalamu za kitambaa zilikuwa ghorofa ya juu. Binti wa duka alinisikiliza Kiingereza changu kwa heshima, hakuambulia kitu, nikamwonyesha kwa mikono: kitambaa, kuchora, maji, hakuna. Akafurahi. Akaleta kalamu mbili, ya buluu na ya zambarau, na kipande cha kitambaa cheupe. Akapiga mstari wa buluu, akadondosha maji, mstari ukatoweka. Akapiga wa zambarau, akadondosha maji, nao ukatoweka. Ncha ya zambarau ilikuwa nyembamba zaidi, na zambarau ndiyo rangi aipendayo mama. Nikaishika hiyo.

Yule binti hakuridhika. Akapiga mstari mwingine wa zambarau, asiutie maji. Akanyoosha kidole kwenye saa ya ukutani, akakizungusha hewani, akakizungusha tena, uso umejaa wasiwasi. Nikaelewa, au nikajiona nimeelewa, kwamba duka linafungwa. Nikamshukuru, nikakimbilia kulipa. Nilipofika chini watu walikuwa bado wanaingia, na taa zote zinawaka. Nililiona hilo, nikalipuuza.

Mama aliipokea kalamu kwa mikono miwili. Asubuhi zilizofuata alikaa mlangoni penye mwanga, bafta mapajani, uso umekaribia kugusa kitambaa. Alipomaliza aliniita. Sijapata kuona nakshi kama ile, wallahi. Ilikuwa na vijani, majani madogo madogo, vilivyofuatana kuzunguka ukanda, kila kimoja kinashika mkia wa mwenzake, na juu, kwenye duara, ua moja lisilofanana na ua la kofia yoyote niliyopata kuivaa. "Babu yako huyo," akasema, akaikunja, akaifungia sandukuni.

Aliyeaminiwa kuishona alikuwa shangazi yangu, dada yake baba, anayekaa Firq. Wakati huo alikuwa Makka, na baada ya hijja akapita kwa bintiye, akakawia. Tukamngoja. Aliporudi nilimchukua mama kwa gari, tukaenda kumpa pole ya safari. Baada ya halwa na kahawa mama akatoa bafta mkobani, akamkabidhi kwa fahari kubwa.

Shangazi akaikunjua. Akaigeuza. Akaipeleka dirishani.

"Wifi," akasema taratibu, "umesahau kuichora?"

"Nimeichora, wifi. Mwanao huyu kaiona."

Nikaichukua. Ilikuwa nyeupe tupu kama siku iliyokatwa dukani. Hapo ndipo nilipomwelewa yule binti, na saa yake ya ukutani, na kidole chake. Wino ule haukungoja maji. Ulikuwa unakwenda wenyewe kila saa, ndani ya sanduku, na sisi tunangoja.

Nilitamani sakafu inimeze. Nikawaeleza habari ya yule binti. Mama aliipapasa bafta kwa vidole, akacheka kidogo.

"Si ndivyo nilivyotaka? N'lisema isibaki hata alama."

Akaomba penseli. Shangazi akamletea, tukamsogeza penye mwanga. Lakini miezi ile ya kungoja ilikuwa imechukua na macho. Kijani cha kwanza kilikipanda cha pili, mstari ukaenda nje ya kitambaa, ukaishia kwenye kanga yake. Akajaribu tena. Nilitaka kumwambia aache, na nilitaka asiache. Mwishowe akaiweka penseli chini.

"Khalas," akasema. "Nishonee yoyote, wifi."

Shangazi alishona kofia nzuri, nakshi moja katika zile tunazozijua sote. Asubuhi ya harusi nilikwenda kwa mama nimeshavaa dishdasha, kanzu yetu ya Oman, kofia mkononi, nikampa mkono, nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia, akaichukua kofia. Alipitisha kidole kwenye ukanda, polepole, akapanda kwenye duara, akasimama pale katikati palipotakiwa pawe na lile ua.

"Hii siyo ya baba," akasema.

"Siyo, mama."

Akanivisha mwenyewe, akainyoosha juu ya paji la uso kwa kupapasa. Kisha akarudi nyuma hatua moja, kama alivyokuwa akifanya kila Idi nilipokuwa mtoto, akanitazama kwa macho yasiyoona.

"Imekupendeza," akasema.