Sanduku la Diski Mbili

Alavikutty, au Alavi kwa kifupi, alikuwa mtu wa maneno machache tangu ujana, na uzee haukumwongezea. Akiulizwa habari hujibu nzuri, akiulizwa nzuri vipi huchezesha mkono. Ndiyo maana Sudheer wa duka la kompyuta, pale ghorofani juu ya duka la mikate karibu na stesheni ya Tirur, alishangaa kumwona amesimama mbele ya meza akiuliza swali moja, kisha la pili, kisha la tatu.

Alitaka sanduku la kuhifadhia video za nyumbani, lile linalochomekwa kwenye mtandao wa nyumba na walio mbali wakafungua wakatazama. Maneno hayo alifundishwa na bintiye Jumaila aliyeko Sharja. Jumaila alitaka watoto wake wawaone watu wao, maana walikuwa wanakua wakiujua uso wa babu yao kwenye simu tu.

"Lipo la diski moja, la mbili na la nne," Sudheer alisema. "La nne ni la wenye studio, wewe utaliwekea nini, mvua? La mbili ndilo ningempa baba yangu. Unachoweka kwenye diski hii, ile nyingine inajiandikia vilevile. Moja ikifa, nyingine inabaki na kila kitu."

Alavi akatikisa kichwa taratibu. Kwake alikufa mmoja miaka kumi na moja iliyopita, na aliyebaki hakubaki na kitu. Hilo hakulisema.

"Sasa vitu vyako vinafika kiasi gani?"

"Sijui."

"Haji, mtu hanunui nyumba hajui ana vitanda vingapi. Nenda kahesabu, kisha uje."

Nyumba ya Alavi ilikuwa na vyumba sita. Aliijenga kwa miaka ishirini na miwili ya kupiga pasi kanzu za watu kwa dobi mmoja Maskati, na siku hizi analala katika chumba kimoja, kile cha karibu na jiko, ili asitembee sana. Vile vingine vitano huvifagia kila Ijumaa na kuvifunga. Sidii na kanda za video zilikuwa kwenye kabati la chuma la chumba cha pili, hazijaguswa tangu mazishi.

Akaanza na harusi ya Jumaila, apate kujua kama inafanya kazi. Ilifanya kazi vizuri mno. Mkewe, Biyyathu, alitokea amesimama karibu na masufuria ya biriani, mtandio umemteleza, mikono inarukaruka, anawapangia wapishi kazi waliyolipwa kuijua. Kisha akamjia mumewe, akainama, akamnong'oneza kitu sikioni, na yule Alavi wa kwenye picha akacheka mpaka akashika mbavu.

Alimwambia nini? Alavi aliongeza sauti, na wimbo ukaongezeka. Wimbo wa harusi, ngoma na vinanda, kuanzia mlangoni mpaka gari la bibi harusi linapoondoka. Akatoa sidii hiyo akatia nyingine, siku ya kuhamia nyumba mpya: wimbo. Akika ya mjukuu wa kwanza: wimbo. Kwa watu wa kule, video ya sherehe isiyo na nyimbo mwanzo hadi mwisho ni kama pilau isiyo na nyama, unamrudishia mpigaji akaimalizie. Kufikia adhana ya alasiri alikuwa amepitia zote. Alikuwa na saa tisa za mkewe akisema, na hakuna neno hata moja lililosikika.

Hapo akaogopa, maana kulikuwa na jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Sauti ya Biyyathu ilikuwa inampotea. Maneno yake aliyakumbuka yote, hata matusi, lakini yalimjia kichwani kwa sauti yake yeye mwenyewe, kama mtu asomaye barua. Alijaribu usiku na mchana kuisikia, haikuja. Aliyataka maneno machache tu yenye sauti yake, hata kama ni ya kumgombeza mwuza samaki.

Asubuhi akarudi dukani na ile sidii ya harusi. Hakuchagua duka hilo kwa bahati. Kabla simu hazijamnyang'anya ugali wake, Sudheer alikuwa mpiga video wa mji mzima, na harusi ya Jumaila aliipiga yeye.

"Ondoa wimbo," Alavi alisema.

Sudheer akaanza kucheka, kisha akamtazama usoni akaacha.

"Hautoki, Haji. Sauti ya chini niliifuta nilipokuwa naunganisha."

"Na kanda yenyewe, ile ya kamera?"

"Niliipigia harusi nyingine Jumapili iliyofuata. Tulikuwa tunafanya hivyo wote. Nani angenilipa nimhifadhie kelele za wapishi?" Akavuta kiti. "Kaa, basi. Na usininunie peke yangu. Wimbo ule alichagua Mama Jumaila mwenyewe. Alikaa hapo ulipokaa wewe, akanisikilizisha nyimbo kumi na nne mpaka akaupata."

Alavi akakaa. Walikunywa chai ya rangi yenye limau.

"Wewe si ulikuwa Maskati?" Sudheer aliuliza. "Hamkuwa mnatumiana kaseti? Mama yangu alizificha za baba yangu kwenye pipa la mchele."

Alavi aliweka kikombe chini. Akashuka ngazi bila kuaga.

Walikuwa nayo, tena moja tu. Biyyathu hakuwa hodari wa kuandika, kwa hiyo alikuwa akikaa na redio ya kaseti sakafuni, anasema nusu saa nzima, kisha anampa mtu anayesafiri. Alavi akisikiliza mara tatu nne kule kambini kwa wafanyakazi, naye anasema juu ya kanda ileile na kuirudisha. Mtaa mzima ulifanya hivyo. Kanda ilikuwa ghali, na nani angefikiri sauti ni kitu cha kuweka akiba, hali mwenye sauti ni mzima?

Alimpigia Jumaila.

"Kaseti ile ya Maskati, iko wapi?"

"Na wewe salaam aleikum, Baba. Umekula?"

"Nimekula. Iko wapi?"

"Umekula nini?"

"Jumaila."

"Kwenye mtoto wa meza wa cherehani ya Mama, kama haijaliwa na mende. Upande mmoja nilirekodi nyimbo za redio nikiwa darasa la tano, akanichapa. Unaitakia nini?" Kwenye simu Jumaila akasikia funguo za vyumba zikilia. "Baba, ukimpata Mama humo, usimsikilize peke yako. Nipigie."

Aliipata. Redio ilikuwa nzima baada ya kupulizwa vumbi na kupigwa kofi. Alikaa sakafuni, mahali Biyyathu alipokuwa akikaa, akabonyeza.

"Biyyathu, salaam aleikum. Mimi mzima," ilisema kaseti kwa sauti ya kijana, ya polepole.

Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Aliyesema mwisho ni yeye, na kanda ikaja nyumbani, na baada ya miezi michache akaja mwenyewe. Akasikiliza hata hivyo. Yule kijana alisema hali ya joto. Akasema bei ya dengu. Akataja majina ya wote waliolala chumbani, na miji yao. Halafu, kwa kukosa la kusema, akaanza kueleza kanzu alizopiga pasi juma lile, moja baada ya moja: nyeupe ya mwenye duka la vitambaa, ya rangi ya zabibu ya mwanawe, ile iliyoungua ukosi akakatwa mshahara. Kanzu, kanzu, kanzu. Alavi wa kaseti, ambaye kila mara alisema dakika sita akachoka, safari hii aliendelea dakika ishirini na tisa. Na kila kanzu ilikuwa inamfuta Biyyathu. Angekuwa mvivu wa kusema kama kawaida yake, angemkuta mkewe hapo dakika zaidi ya ishirini. Alijuta kila kanzu na kila ukosi. Alilia, na hakuna haja ya kumsitiri, alilia kwa sauti katika nyumba ya vyumba sita.

"Basi, Biyyathu. Yamekwisha," ilisema kaseti. Kikasikika kitu kikibonyezwa.

Kisha, katikati ya neno, akaja yeye.

"...ote unajaza robo tu, halafu nimebaki nasikiliza maneno yangu mwenyewe kama mwendawazimu. Safari hii ujaze mpaka mwisho, Alavi. Hata kama huna la kusema, nihesabie hizo kanzu. Sabuni usilete tena, inawasha. Jumaila ana jino linatikisika, hataki ling'olewe mpaka uje. Haya, kanda inaisha. Zamu yako."

Ilikuwa nyembamba kuliko alivyodhani, na ya haraka, na puani kidogo. Alikuwa ameisahau ile pua.

Alimpigia Jumaila, akaweka simu kwenye spika ya redio. Kisha akairudisha kanda nyuma, akabonyeza tena.

Siku ya tatu alipanda tena ngazi za Sudheer, kaseti ikiwa mfukoni mwa shati, mkono juu yake.

"Umehesabu?"

"Sekunde arobaini."

Sudheer akanyoosha mkono, akaipokea kaseti. Akatafuta waya, akaunganisha redio ya kaseti na kompyuta, akaiingiza sauti ndani. Aliisikiliza akiwa amegeuka dirishani.

"Hizi zinaingia hata kwenye simu, Haji. Sanduku huhitaji."

"Mtu akisema juu yake, anazifuta?"

"Haiwezekani. Mpya inakaa kando, ya zamani inabaki palepale."

"Na diski moja ikifa?"

"Nilishakwambia. Nyingine inabaki na kila kitu."

"Nipe la mbili," Alavi alisema. "Na usiweke wimbo."

Sudheer alikuja mwenyewe kulifunga katika chumba cha karibu na jiko, taa yake ndogo ya kijani ikipepesa juu ya rafu. Video za nyimbo nazo ziliingia, za watoto wa Sharja. Alipoondoka, Alavi alimsikiliza mkewe mpaka lile neno la mwisho. Akachukua simu, akabonyeza kama alivyoonyeshwa, akaisogeza mdomoni.

"Biyyathu, salaam aleikum. Mimi mzima." Akamwambia pilipili manga mwaka huu haikuzaa. Jumaila ana watoto watatu, wa kati ana jino linatikisika. Vyumba anavifagia. Kanzu alikwisha acha, hana za kuhesabu. Alitafuta jingine, akatazama dari, akatafuta tena.

"Yamekwisha," alisema.

Zilikuwa dakika nne. Kwenye sanduku nafasi ilibaki tele.