Mwalimu wa Sataranji Aliyezikwa Muhokya

Mwalimu Ezironi alikuwa na sheria moja ya uandishi: katika vitabu vyake vya sataranji aliandika michezo aliyoshindwa tu, pamoja na jina la aliyemshinda. Ushindi wake mwenyewe hakuuandika kamwe. "Aliyeshinda hajifunzi kitu," aliwaambia wanafunzi wake, wakulima wa Kitswamba na askari wa kambini walioketi benchi moja bila kusukumana.

Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1966. Cha pili mkewe Yayeri alikuwa bado akikinakili kwa mkono, mwaka 1975, homa ilipomchukua mumewe mjini Kasese walikoishi.

Kwao Bwera, mwendo mrefu kutoka hapo, kaburi lilikwisha chimbwa kando ya baba yake. Mama yake mzee, asiyeweza tena kutembea, alikuwa akimngojea. Lakini petroli haikuwapo, basi halijapita siku tisa, na joto la Kasese halimsubiri maiti.

Asubuhi ya pili Kapteni Wahab akaja na lori la jeshi. Alilia waziwazi, ameshika mwimo wa mlango. Miaka sita alicheza na mwalimu kila Jumapili bila kumshinda hata mara moja, na mchezo wao wa mwisho ulikatizwa mwalimu alipoanguka kitini.

"Mama, lori iko, petroli iko. Tunamupeleka Bwera leo. Lakini ile mchezo ya mwisho, andika kwa kitabu mimi nilishinda."

"Haukuisha, afande."

"Yeye alibaki na mfalme na kete mbili! Mimi niko na malkia! Ingeisha namna gani?"

"Mimi sijui. Na yeye hakusema."

Thembo, mdogo wa marehemu, akamvuta Yayeri hadi nyuma ya jiko. "Shemeji, ni mstari mmoja! Nani atasoma? Unataka kaka yangu alale ardhi ya watu?"

"Kaka yako aliniachia kalamu, Thembo. Hakuniruhusu kudanganya nayo."

"Basi mbebe kwa hiyo kalamu mpaka Bwera!"

Yayeri akamwacha nyuma ya jiko. Akaingia alikolazwa mumewe, akamnyoosha kola ya shati, akaushika mkono wake. Kidole cha shahada kilikuwa bado na doa la wino. Alikaa hapo mpaka waombolezaji wakaanza kunong'ona. Angeweza kusema ndiyo, na hakuna ambaye angemlaumu. Ila kosa halipungui kwa kukosa wa kulilaumu.

Akatoka. "Afande, Mwalimu alikupenda. Njoo Jumapili, tuweke kete kama alivyoziacha, tucheze hadi mwisho. Lakini jina lako siliandiki."

Kapteni akavaa kofia yake. "Na yeye alikuwa hivyo hivyo," akasema kwa sauti ndogo, akapanda. Lori likaondoka tupu. Jumapili hakuja.

Asubuhi ileile lori lilipoondoka, wakulima wakatengeneza machela, wakambeba marehemu kwa zamu katika jua kali, Thembo akiwa mbele. Walipofika Muhokya jioni, ilikuwa wazi kwamba mwili hautafika Bwera kabla ya kuharibika. Mkulima mmoja akatoa pembe ya shamba lake, wakamzika hapo.

Kitabu cha pili kilikamilika bila mchezo ule. Mama yake Ezironi aliishi miaka mitatu zaidi, na alikufa bila kuliona kaburi la mwanawe.