Karani Ndiye Sefu

Neno lenyewe, sefu, la Kiingereza, na aliyelileta nyumbani ni ami yangu. Simfichi: ni yeye, ndugu wa baba, tarishi wa ofisi ya serikali Chake, aliyekuwa akirudi kila Ijumaa na neno jipya mdomoni.

Nilikuwa nimeposwa na wawili. Mmoja karani wa Chake. Wa pili mvuvi wa kisiwani Makoongwe, aliyevuka kila msimu kuja kutuchumia karafuu. Huyo ndiye niliyemtaka. Akiimba juu ya mkarafuu, ubeti wa mwisho huumeza makusudi, nami chini jamvini, vidole vinanuka karafuu, namalizia kimoyomoyo. Bibi yangu alijua, na aliniahidi kunisemea.

Ami akasema, "Karani ndiye sefu. Baharini hakuna sefu."

Bibi akaacha kuchambua karafuu. Yeye sefu alijua moja tu: kasha la chuma la tajiri dukani, lisilobebeka na watu wanne.

"Analo?"

"Nasema yeye ndiye sefu mwenyewe, mama."

"Mwenye sefu! Na mbona hukusema tangu mwanzo, wee mwana?"

Ami alicheka, asimwambie kwamba sefu yake yeye ni salama tu. Kosa lilimfaa. Akanigeukia, "Mwanangu, wakubali?"

Kwetu mwari akinyamaza ndiyo amekubali. Mimi nilinyamaza nikimngoja bibi aseme. Bibi naye kanyamaza, yumo katika kasha.

"Basi," akasema ami, "tumemaliza."

Siku ya fungate bibi alizunguka nyumba ya karani chumba kwa chumba, akachungulia hata mvunguni. "Baba, sefu umeliweka wapi?" Mume wangu akadhani anatania. Bibi akakaa kitako mlangoni, akajifunika kanga uso mzima.

Mume hakunipiga, hakunitukana. Alifunga madirisha alasiri kwa kuogopa baridi. Ngomani hatwendi, kuna fujo. Kwetu hatwendi, mawingu yametanda. Miaka ishirini, mpaka alipokufa kitandani mwake.

"Lakini hukupatwa na baya, mwanangu," ami ananambia hadi leo.

Na yule wa Makoongwe bahari haikumla. Juzi nimemwona Mkoani, mvi tupu, anamshika mkono mkewe kumteremsha mtumbwini. Mama wa watu kalowa mpaka kiunoni, anamtukana mumewe, anacheka. Nikasimama na kikapu changu mpaka walipopotea sokoni.