Picha Iliyokatikia kwenye Paji la Uso

Kompyuta ilikuwa ya mume wangu. Alipohamishiwa Nairobi kikazi aliniachia, pamoja na watoto wawili, tangi la maji lililotoboka na ahadi ya kurudi nyumbani kila mwisho wa mwezi. Tangi nilimwita fundi akaliziba. Ahadi sikujua nimwite fundi gani. Kompyuta niliizoea polepole, peke yangu, kwa kubonyeza hapa na pale, kwa sababu pale Voi sikumjua mtu wa kumwuliza ambaye hangenicheka kwanza.

Ilikuwa karibu na mwisho wa miaka ya tisini. Nyumba zenye kompyuta iliyounganishwa na simu ungezihesabu kwa vidole vya mkono mmoja na vingine vingebaki. Waya ulitoka kwenye nguzo ya simu, ukapita dirishani, ukaingia kwenye kijisanduku cheusi kinachoitwa modemu, ambacho nilikiweka juu ya skrini kwa kuwa meza ilijaa madaftari ya wanafunzi. Ukitaka kusoma barua pepe, modemu ilipiga simu kwa kampuni ya mtandao kule Mombasa. Ilikoroma, ikapiga miluzi, ikanyamaza, na kama Mungu amependa taa zake ndogo zilitulia na barua zikaingia. Barua za maneno matupu zilimaliza kuingia kwa dakika moja au mbili. Hizo hazikunipa shida.

Shida ilikuwa picha moja.

Ndugu yangu mdogo, kitinda mimba wa mama, alikwenda kusoma ng'ambo akakaa huko. Mwaka ule akaniandikia kwamba ameoa, mwanamke wa huko huko, na wana mtoto wa miezi mitatu. Hakuwa amemwambia mama wala mtu mwingine yeyote. Sasa alitaka kuwaleta wote wawili nyumbani Werugha, kule milimani kwa mama, mwezi wa Desemba, lakini mama akubali kwanza. "Mama akisema mke wangu asije, basi na mimi siji," aliandika, "na usinibembeleze." Kazini kwake walitaka siku za likizo zijulikane mapema, kwa hiyo alihitaji jibu kabla Oktoba haijaisha.

Nilimsomea mama barua hiyo yote. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, akichambua mboga aliyokuja nayo, na nilipomaliza aliendelea kuchambua mpaka nikadhani hakusikia.

"Mimi sikaribishi mtu sijamuona uso," akasema mwishowe. "Hata ng'ombe sichukui bila kumuona. Atume picha. Nikimuona nitasema."

Ndugu yangu angeweza kuitia picha kwenye bahasha na kuipeleka posta kama watu wengine. Lakini huyo tangu utotoni alipenda vitu vipya, na akasema posta itamchelewesha. Aliiweka picha kwenye ukurasa wa mtandao, akanitumia anwani ndefu yenye nukta na vistari vingi, akaniambia niiandike vilivyo na picha itafunguka kwa sekunde chache. Labda kwake. Kwangu ilifunguka kuanzia juu, ukanda mwembamba baada ya mwingine, na kati ya ukanda na ukanda ungeweza kwenda jikoni ukakoroga sufuria ukarudi.

Kisha mama akaongeza sharti lake. Nisiitazame picha kabla yake. Mkamwana huonwa kwanza na mama mkwe, si wifi. "Wewe ukimuona kwanza utanipangia maneno," aliniambia, na kwa kuwa ananijua sikubisha. Ndiyo maana picha ilingoja Jumamosi, siku ambayo mama angeweza kumwachia jirani ng'ombe wake na kuteremka.

Jumamosi zangu zilikuwa hivi. Niliamka kabla ya alfajiri kwa sababu maji ya bomba yalikuja saa hiyo na yakitaka yalikwenda zake. Nilijaza tangi, ndoo na sufuria, nikafua, nikawaogesha watoto, nikasahihisha insha za darasa zima. Ilipokaribia saa nne mama aliingia amevaa sweta lake la Werugha, na mfuko wa sukuma wiki, viazi na kopo la maziwa. Alilalamikia joto na vumbi letu. Aliwauliza watoto habari za shule. Habari za baba yao hakuuliza hata siku moja. Kisha alivuta kiti, akajifunga leso vizuri, akakaa mbele ya skrini mgongo umenyooka, na mimi nikaanza kupiga simu Mombasa.

Jumamosi ya kwanza tuliona anga na kipande cha paa, laini ikakatika. Nikapiga tena. Picha haikuendelea ilipoachia. Ilianza upya, anga lile lile. Tukafika kwenye tawi la mti. Ikakatika. Mara ya tatu ziliingia nywele, nyeusi, zimefungwa nyuma kwa haraka, halafu ukanda mwembamba wa paji la uso, na hapo hapo ikakatika tena. Mama akasema mashine yangu ina kiburi.

Jumamosi ya pili alikuja na zawadi. Alikuwa amefuma kitambaa, cheupe chenye ua jekundu katikati. Kwetu kitu hakikai wazi sebuleni: redio ina kitambaa chake, televisheni ina chake, kila kochi lina vyake vitatu. Mama aliitazama modemu akaona ndiyo pekee iliyo uchi. Akakikunja kitambaa mara mbili ili kikae vizuri, akaifunika, akaning'iniza pembe moja kwa mbele ili ua lionekane.

"Sasa inafanana na ya watu," akasema.

Siku hiyo hatukufika hata kwenye nywele.

Nilianza kutafuta ugonjwa. Niliipigia kampuni ya mtandao, na kijana mmoja mwenye sauti ya upole akaniuliza kama nimezima nikawasha tena. Nilikuwa nimezima nikawasha mpaka swichi imelegea. Akaniambia niifute programu ya mtandao niiweke upya, nikapoteza alasiri mbili. Nilipopiga tena alinipa ushauri kwa furaha ya mtu aliyegundua dawa.

"Madam, ingia kwa setingi uzime picha. Kurasa zitafunguka haraka sana."

"Mimi nataka picha," nikamwambia. "Sitaki kitu kingine. Nataka picha tu."

Akasema nijaribu kuzima na kuwasha.

Nikaenda kwa watu wa simu. Baada ya kunizungusha wiki nzima wakanitumia fundi, akapanda nguzo yetu, akakuta nyigu wamejenga ndani ya kisanduku cha nyaya. Alifukuza nyigu, akakaza nyaya, akashuka akiwa amevimba sikio. Aliniambia pia ndovu wameangusha nguzo upande wa Maungu, njia ya Mombasa, kwa hiyo nisitegemee makubwa. Nilimpa chai. Nilibadilisha waya wa ndani. Nilihamisha meza kutoka dirishani nikidhani ni vumbi, nikairudisha nikidhani ni joto. Kuna wiki nilishuku treni ya mizigo kwa vile inapopita vikombe hutikisika kabatini. Nilikuwa natafuta mchawi.

Na kila Jumamosi tuliketi. Anga, paa, tawi. Siku njema, nywele na paji. Anga la nchi ile nalijua mpaka leo. Lilikuwa na wingu moja dogo upande wa kushoto. Nilichoka na wingu lile. Nilichoka na kiti cha mama kando ya changu, na jinsi alivyovuta pumzi kila laini ilipokatika, kana kwamba nimeikata mimi kusudi.

Katikati ya Oktoba ndugu yangu aliandika neno moja: "Bado?" Nikamweleza kuhusu nyigu na ndovu. Siku tatu baadaye akajibu: "Dada, kama mama amekataa niambie tu. Usinifiche kwa hadithi za ndovu." Alidhani namtungia. Nilimwandikia atume nyingine kwa posta, akasema haitafika kwa wakati na kwamba ameshachoka kungoja. Yeye amechoka! Nilicheka peke yangu sebuleni.

Siku iliyofuata, nikitoka shule, niliwasha kompyuta nikaandika: "Mama anasema karibuni nyote." Ilikuwa rahisi hivyo. Mama hangejua, na ndugu yangu angeacha kunisumbua. Nilikaa nikiitazama sentensi ile mpaka watoto wakaja kuuliza chakula. Halafu nikafikiria mwanamke wa watu anashuka garini Werugha na mtoto mgongoni, kwenye ukungu, na mama anampa mgongo. Ningebeba na hilo pia. Nikaifuta.

Ikafika Jumamosi ya mwisho kabla ya siku aliyotupa. Vumbi lilikuwa baya wiki hiyo, la ule udongo mwekundu unaoingia hata kwenye sahani zilizofunikwa, na maji yalipokuja alfajiri niliamua kufua vitambaa vyote vya sebuleni. Mama alipofika vilikuwa bado kwenye kamba. Aliangalia kila mahali, macho yake yakaishia juu ya skrini.

"Na kitambaa changu?"

"Nimekifua, Mama. Kiko nje kinakauka."

Hakupenda, lakini alikaa. Nikapiga simu. Modemu ikakoroma, ikaunganika. Anga. Wingu. Paa. Tawi. Nywele. Paji la uso. Nikangoja ikatike, mabega yangu yalishaanza kujikunja yenyewe. Haikukatika. Ukaja ukanda wa chini yake, nyusi mbili. Nikanyoosha mkono nikaishika modemu, kama unavyomshika mtoto mwenye homa, na haikuwa ya moto. Ilikuwa vuguvugu tu. Nikatazama nje dirishani, kwenye kamba, kitambaa cheupe chenye ua jekundu kinapepea.

Mama alikuwa ameinamia skrini, midomo imebanwa. Ningemwambia nini? Kwamba tangu nyigu waondoke modemu ilikuwa inachemka chini ya kitambaa, na zile wiki zote mtoto wake alikuwa anamsubiri kwa sababu ya mikono yake mwenyewe? Sijamwambia mpaka leo.

Macho yakaingia. Mawili, mazima, yakitutazama. Yalikuwa mekundu kidogo pembeni, na chini yake kulikuwa na weusi. Alikuwa anajaribu kutabasamu. Hilo lilionekana kwenye macho hata kabla mdomo haujafika.

"Inatosha," mama akasema.

"Ngoja, Mama. Leo haikatiki. Mtoto bado hajaingia."

"Nimeona." Aliweka kidole karibu na skrini, bila kuigusa. "Huyu msichana amechoka. Ona hapa chini. Hajalala huyu. Ako peke yake na mtoto, hana mtu wa kumshikia hata aoge." Akanigeukia. "Andika aje."

"Hivyo tu?"

"Andika aje. Akuje hapa alale, mtoto nitamshika mimi."

Nikafungua barua mpya. Vidole vilijua kazi yao, lakini mimi sikuwa pale. Nilikuwa nimekaa kando ya mama tangu Septemba, goti langu likigusa lake. Nilikuwa nimeamka kabla ya alfajiri siku hiyo na kila siku. Mume wangu hakuwa ameonekana mwezi wa tatu sasa. Mama hakuwahi kuweka kidole karibu na macho yangu. Uchovu wa mwanamke asiyemjua aliuona kwenye nusu ya uso, ukipita kwenye waya kutoka ng'ambo, na mara moja akampa nyumba na kitanda. Nasema ukweli, nilimwonea wivu yule mwanamke.

"Mama," nikasema, "na mimi nimechoka."

Sikuwa nimepanga kulisema. Lilitoka dogo, kwa sauti ya msichana wa shule. Mama hakunigeukia. Kwenye skrini kidevu cha mkamwana wake kilikuwa kimeshuka, na kofia ya mtoto inaanza kuonekana.

"Najua," alisema.

Niliendelea kutazama kibodi.

"Najua," akarudia. "Lakini wewe uko nyumbani."

Nje watoto wangu walikuwa wanagombania ndoo. Mama alisogeza kiti chake karibu zaidi na skrini, akaniambia nimsomee nilichoandika. Nikamsomea: Mama anasema njooni. Akasema niongeze kwamba mtoto atashikwa. Nikaongeza, nikabonyeza, na barua ikaondoka mara ya kwanza.